Mfupa wa Askari

Waandishi wa historia ya vita hupenda kuhesabu waliopigwa risasi na waliokatwa na vipande vya mizinga. Hesabu hiyo ni ya haki, lakini yaliacha nje kundi kubwa: askari walioharibika magoti, migongo, nyonga na nyayo bila kumwona adui hata mara moja. Madhara hayo huletwa zaidi na mzigo, mwendo na kwata. Yaani huletwa na amri. Kwa sababu hiyo, nadhani, majeshi yalikawia sana kuyatazama.

Mzigo wenyewe ni wa kale. Vegetius, aliyewaandikia Warumi juu ya mambo ya vita, alishauri kuruta azoezwe kubeba hadi ratili 60 za Kirumi, nazo ni kama kilo 20, huku akitembea mwendo wa kijeshi. Kilichomfika kuruta huyo mguuni hakukiandika.

Aliyekiandika alikuwa tabibu wa jeshi la Prussia, Breithaupt, mwaka 1855. Aliona vijana wapya wakirudi kutoka safari ndefu nyayo zimevimba na kuuma, ingawa hapakuwa na jeraha wala pigo. Akadhani ni kano zilizowaka kwa kuchoka. Hapana wa kumlaumu, kwani mfupa ulio ndani ya nyama hauonekani. Röntgen alipogundua miali ya eksirei mwaka 1895, pazia hilo lilifunuliwa, na miaka miwili baadaye Stechow, tabibu mwingine wa jeshi la Ujerumani, alionyesha kwamba nyayo zile zilikuwa na mifupa iliyopasuka. Twajua sasa namna yake. Mfupa unaposumbuliwa na kazi ngeni, mwili huula kwanza sehemu iliyochoka, ndipo ujenge mpya. Katika majuma ya mwanzo ya mazoezi ubomoaji hutangulia ujenzi, na kuruta aambiwaye kaza mwendo hukanyagia mfupa uliodhoofika. Fikiri, msomaji, ni vijana wangapi kabla ya 1897 waliokwenda kwa tabibu wakichechemea, wakarudishwa mstarini kwa kudhaniwa wavivu.

Lakini kuonekana kwa mfupa hakukumfaa kila aliyebeba mzigo wa jeshi. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Waingereza walikusanya wapagazi karibu milioni moja kwa ajili ya mapigano ya Afrika Mashariki, na jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi chao. Hesabu rasmi ya waliokufa yapita 95,000. Wengi waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu na malaria, wala si haki kuyasahau hayo ili kuikuza mada yetu. Hata hivyo watu hao walitembea, wengi wao miguu mitupu, mizigo kichwani na mabegani, njia za matope na mawe, funza wakiwala vidole. Waliorudi na shingo iliyokakamaa au goti lisilokunjika hawakuandikwa katika daftari la majeruhi. Gharama yao ililipwa na shamba lililokosa mlimaji, na hiyo haimo katika hesabu ya hazina yoyote.

Kwa askari wa dola tajiri gharama huonekana baadaye, katika malipo ya ulemavu. Huko Marekani, madai ya goti na ya mgongo ni miongoni mwa yale yalipwayo sana kwa waliotoka jeshini, na malipo huendelea muda wote wa maisha ya mtu.

Je, haikwepeki? Mambo mawili ya karibuni yatufundisha. Mwaka 1998 jeshi la Uingereza liliondoa tofauti ya mazoezi kati ya makuruta wanaume na wanawake. Kwa jina la usawa lilionekana jambo jema, lakini wanawake walioachishwa jeshi kwa madhara ya kuchosha viungo walipanda kutoka asilimia 4.6 hadi 11.1, na wanaume walibaki chini ya asilimia 1.5. Usawa wa kipimo si usawa wa mzigo, maana mguu mfupi hulazimika kunyooka kuliko urefu wake ili ufuate hatua ya mrefu.

Katika jeshi la Australia mtaalamu Rodney Pope aliliona jambo hilo hilo. Wanawake makuruta walikuwa wakivunjika mfupa wa nyonga, na tiba yake haikutafutwa katika duka la dawa. Mwendo wa safari ulipunguzwa kutoka kilometa 7.5 kwa saa hadi 5, kila mtu akaruhusiwa hatua yake mwenyewe badala ya kulingana na mwenziwe, safu zikaachanishwa, mbio zikahamishiwa ardhi laini. Kwa taarifa yake ya mwaka 1999, waliovunjika walishuka kutoka asilimia 11.2 hadi 0.6.