Mwalimu wa Biolojia na Mhasibu Waliotumika Maabara ya Yale

Ni nadra mwanafunzi wa saikolojia kumaliza mwaka wa kwanza bila kulisikia jina la Stanley Milgram. Majina ya John Williams na James McDonough, kwa upande mwingine, hayatajwi sana, ilhali hao ndio waliokutana ana kwa ana na washiriki wa utafiti wake, kipindi baada ya kipindi, kuanzia Agosti 1961 hadi Mei 1962, katika jengo la Linsly-Chittenden la Chuo Kikuu cha Yale, mjini New Haven, Marekani. Profesa Milgram alikuwa nyuma ya kioo, akitazama asionekane.

Williams alikuwa na umri wa miaka 31, mwalimu wa biolojia wa shule ya sekondari. McDonough alikuwa mhasibu wa miaka 47, mtu mpole ambaye wengi waliomwona walimpenda papo hapo. Milgram aliwachagua kwa sura na mwenendo wao. Mmoja alifaa kuwa msimamizi: mkavu, asiyecheka, ndani ya koti la kijivu la fundi. Mwingine alifaa kuwa mtu ambaye yeyote asingependa kumwumiza. Pamoja nao walikuwepo wanafunzi wa shahada za juu, akiwemo Alan Elms, aliyesaidia kuwatafuta washiriki na baadaye akarudi kwa baadhi yao kuwahoji ili ajue walikuwa watu wa namna gani.

Milgram mwenyewe alikuwa hajatimiza miaka 28 kazi ilipoanza. Alizaliwa Bronx, New York, mwaka 1933, mtoto wa Wayahudi waliohamia kutoka Ulaya ya Mashariki, na mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi hayakumtoka akilini. Mwaka huohuo wa 1961 Adolf Eichmann alikuwa kizimbani Jerusalem, akijitetea kwamba alifuata amri. Milgram alitaka kujua mtu wa kawaida, asiye na chuki na yeyote, angefika wapi akiamriwa kumwumiza mwenzake.

Juni 18 tangazo likatoka katika gazeti la New Haven Register: walihitajika wanaume 500 kushiriki utafiti wa kumbukumbu na kujifunza, malipo dola 4 na senti 50 za nauli kwa muda wa saa moja hivi. Wakaja makarani, vibarua, walimu, mafundi. Kila mmoja alimkuta McDonough, akidhani naye ameitikia tangazo. Ikapigwa kura ya vikaratasi kuamua nani awe mwalimu na nani mwanafunzi. Vikaratasi vyote viwili viliandikwa "mwalimu," kwa hiyo mgeni hakuweza kupata nafasi nyingine.

McDonough alifungwa mikanda kwenye kiti katika chumba cha pili, akapakwa mafuta mkononi ili, kama alivyoelezwa mgeni, umeme usimbabue. Mgeni aliketishwa mbele ya mashine yenye swichi 30, kuanzia volti 15 hadi 450, na ili aiamini alionjeshwa shoti ya volti 45. Mashine haikuwa na shoti nyingine ya kutoa. Kila mwanafunzi alipokosea jibu, mwalimu alitakiwa apandishe swichi moja. Katika vipindi vingi kelele za maumivu zilizosikika ukutani zilikuwa za kanda ambayo McDonough aliirekodi mapema. Alilalamika, akaomba atolewe, katika baadhi ya vipindi akasema moyo unamsumbua, kisha akanyamaza kimya. Mgeni aliposita, Williams alikuwa na maneno manne tu ya kumsukuma, yakianza na ombi la upole na kuishia kumwambia kuwa hana budi kuendelea.

Kabla ya hapo Milgram aliwauliza wanafunzi 14 wa saikolojia wa Yale wakisie wangapi wangefika mwisho. Kwa wastani walisema ni zaidi kidogo ya mtu mmoja kati ya 100. Katika jaribio alilolichapisha mwaka 1963, watu 26 kati ya 40 walifika volti 450.

Takwimu hiyo ndiyo iliyoenea dunia nzima, na kwa bahati mbaya imefunika kilichowapata watu wenyewe. Walitokwa jasho, walitetemeka, walishikwa na kigugumizi, walijiuma midomo, walijikita kucha mwilini. Kumi na wanne walionekana wakicheka au kutabasamu kwa wasiwasi. Mmoja alipatwa na mshtuko mkali wa mwili hadi kipindi kikakatishwa. Hao hawakuwa watu waliofurahia kuumiza. Na aliyeketi hatua chache kutoka kwao, akiyaona yote hayo kwa macho yake na bado akiwaambia waendelee, alikuwa Williams.

Hapa ndipo ninapotofautiana na namna kisa hiki kinavyosimuliwa. Tunahesabu utii wa watu waliobonyeza swichi. Utii wa wafanyakazi wa maabara hauhesabiwi. Mwalimu wa sekondari na mhasibu walifika kazini, wakalipwa, wakawatesa watu roho kwa mwezi baada ya mwezi, kwa sababu profesa wa chuo kikubwa aliwaeleza kwamba sayansi inahitaji hivyo. Siwaiti waovu. Nasema walikuwa ndani ya swali lilelile lililoulizwa, na jibu lao lilikuwa mbele ya kioo tangu siku ya kwanza.

Kwamba watu hao walikuwa na uzito, matokeo yenyewe yanaonyesha. Msimamizi alipotoka chumbani na kutoa amri kwa simu, waliofika mwisho walishuka hadi kama mmoja kati ya watano, na wengine walimdanganya: walisema wanapandisha umeme huku wakibonyeza swichi ya chini kabisa. Wasaidizi wawili walioigiza kuwa walimu pamoja na mgeni walipokataa kuendelea, ni wageni 4 tu kati ya 40 waliofika mwisho. Kuwepo kwa mtu wa kukataa mbele yako ni jambo kubwa.

Lawama zilikuja haraka. Mwaka 1964 Diana Baumrind, mwanasaikolojia wa California, aliandika kwamba maabara haikuwa na haki ya kumtia mtu katika uchungu huo. Milgram alijibu kwamba washiriki wengi mno, asilimia 84 ya waliojaza dodoso, walifurahi kushiriki. Lakini karatasi na kanda zake zimehifadhiwa Yale, na Gina Perry wa Australia, aliyezisikiliza na kuchapisha kitabu mwaka 2012, alionyesha kwamba Williams mara nyingine alivuka yale maneno manne, na kwamba washiriki wengi waliondoka bila kuambiwa siku hiyo kuwa umeme ulikuwa wa uongo. Walirudi kwa wake na watoto wao wakiamini kwamba huenda wamemdhuru mtu. Hilo kwangu ni kosa lisilofutwa na dodoso.

Milgram alifariki mwaka 1984, akiwa na miaka 51. Leo utafiti wa aina yake haungepita mbele ya kamati za maadili za vyuo, Marekani wala hapa kwetu. Kamati hizo husoma mpango wa utafiti na fomu ya ridhaa. Hazimo chumbani kazi inapofanyika. Anayekuwemo ni msaidizi wa utafiti, kijana aliyeajiriwa kwa kutwa kubeba madodoso. Ndugu yangu msaidizi, ukimwona mtu uliyetumwa kumhoji anaumia, simamisha kazi hapohapo, usingoje ruhusa ya profesa. Nawe mshiriki, fomu uliyotia saini haikufungi: unaweza kuinuka na kwenda zako wakati wowote.