Fahamu: Jinsi Bakteria wa Utumbo Wanavyoathiri Utendaji wa Jeni na Kimelea cha Kuhara

Kwamkoro, eneo la Amani wilayani Muheza, ipo katika milima inayotiririsha maji kuelekea Mto Zigi, ambao hulisha Bwawa la Mabayani linalohudumia Jiji la Tanga. Usafi wa maji ya milima hiyo unagusa afya ya watu wengi.

Miongoni mwa vimelea vinavyoenezwa kwa maji yaliyochafuliwa na kinyesi cha binadamu au mifugo ni kriptosporidiamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutoka nchi saba za Afrika na Asia, zikiwemo Kenya na Msumbiji, ulikitaja kuwa miongoni mwa visababishi vinne vikuu vya kuhara kukali kwa watoto wachanga na wadogo.

Kimelea hicho huingia katika seli za ukuta wa utumbo na kubadili utendaji wa jeni zake, zikiwemo jeni za kinga. Hata hivyo, seli hizo hupokea pia kemikali zinazotengenezwa na bakteria wa kawaida wa utumbo. Butireti, itokanayo na uchachushaji wa nyuzinyuzi za chakula, huzuia vimeng'enya vinavyofanya DNA ikazwe kwenye protini zake. Hivyo baadhi ya jeni huanza kufanya kazi na nyingine hupunguza kasi.

Kemikali nyingine ni indoli. Mwaka 2016, watafiti nchini Marekani walieleza kuwa watu wa kujitolea waliokuwa na indoli nyingi kinyesini kabla ya kupewa kimelea hicho walielekea zaidi kutoambukizwa. Mwaka 2023, majaribio katika seli za binadamu maabara yalionesha kuwa indoli huzuia ukuaji wake kwa kuvuruga uzalishaji wa nishati ndani ya seli, pamoja na kukidhuru kimelea chenyewe.

Matokeo hayo bado si tiba. Dawa za kawaida za minyoo hazikitibu kimelea hiki, na klorini kwa kiwango cha kawaida haikiui. Wananchi wanashauriwa kuchemsha maji ya kunywa hadi yatokote kwa angalau dakika moja, kunawa mikono kwa sabuni, kutumia vyoo bora na kuwanyonyesha watoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo.

Mtoto anayehara apewe maji yenye ORS mapema na afikishwe kituo cha afya, ambako hupatiwa pia zinki.