Mafunzo ya Pamoja ya Taaluma za Afya

Mafunzo ya pamoja ya taaluma za afya ni utaratibu ambao wanafunzi wa fani mbili au zaidi husoma pamoja na kufunzana, kila mmoja akiifahamu kazi ya mwenzake. Nchini Rwanda njia ilifunguka mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Rwanda kilipoundwa kwa kuunganisha vyuo vya umma. Awali madaktari walisomeshwa Butare, na wauguzi na wakunga wengi katika Taasisi ya Afya ya Kigali, iliyoanzishwa 1996. Muungano huo uliwaweka katika ndaki moja ya tiba na sayansi za afya, yenye kampasi Remera.

Kuwa chini ya paa moja hakutoshi. Mtazamo hubadilika penye kazi: mzazi anapovuja damu baada ya kujifungua, mwanafunzi wa ukunga aliye kando ya kitanda ndiye huona kwanza, na wa udaktari hujifunza kumsikiliza na kutenda papo hapo. Zoezi hilo, hata likifanywa kwa sanamu, humwondolea mmoja woga na mwingine kiburi. Mabadiliko hupimwa kwa hojaji, mashuhuri ikiwa ile ya Parsell na Bligh ya 1999, yenye vipengele 19. Lakini hojaji hupima nia tu, si mwenendo wa wodini, ambako vyeo bado vina nguvu.