Waya Ukutani: Kutoka Shaba ya Misafara Hadi Kebo ya Mtandao

Leo tuache programu kando tuongee historia kidogo. Hapa Machakos watu huniuliza sana: naweza kupitisha kebo ya mtandao nje ya nyumba, ukutani, badala ya kutoboa mawe kila chumba? Ndiyo, unaweza, lakini si kebo yoyote, na sababu zake zilianza kabla ya kompyuta.

Waya si mgeni Ukambani. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Kikamba walipeleka pembe za ndovu pwani, na miongoni mwa bidhaa walizorudi nazo ni waya wa shaba. Mafundi waliuvuta ukawa mwembamba kama uzi, wakatengeneza mikufu iliyosifiwa mbali.

Waya wa kubeba habari ulikuja baadaye. Mwaka 1890 kebo ya telegrafu ilizamishwa baharini kati ya Zanzibar na Mombasa. Plastiki ya kuifunika haikuwepo bado. Kebo za baharini za enzi hizo zilivikwa gutta-percha, utomvu wa mti wa Asia ya Kusini Mashariki. Mwaka 1896 reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa, nguzo za telegrafu zikiandamana nayo. Machakos ndipo palipokuwa na kituo kikuu cha serikali huku bara, lakini reli ilipita kwenye tambarare za Kapiti na Athi, mji ukaachwa kando ya vilima vyake, na mwaka 1899 makao ya mkoa yakahamishiwa Nairobi. Ukitaka kujua njia ya waya na chuma inavyoweza kuamua hatima ya mji, huna haja ya kwenda mbali.

Kule magharibi Wanandi, waliokuwa wakiipinga reli, waliukata waya wa telegrafu na kuugeuza mapambo. Miaka mia moja baadaye, Telkom Kenya nayo ikawa inaibiwa shaba nguzo kwa nguzo. Shaba ina soko, basi.

Sasa tuingie ndani ya kebo yenyewe. Simu za kwanza zilisumbuliwa na kelele za nyaya za jirani. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alipata hataza ya kusokota nyaya mbili pamoja. Kelele ikizipiga zote mbili kwa kiasi kilekile, upande wa kupokea husoma tofauti tu kati yao, na kelele inajifuta. Ukichuna kebo yako ya mtandao leo utakuta jozi nne zilizosokotwa hivyo hivyo. Ethernet ya mwaka 1973 ilitumia kebo nene kama ya antena. Ni mwaka 1990 ndipo kiwango cha 10BASE-T kilipoihamishia rasmi kwenye jozi za aina ya simu, kwa umbali wa mita 100. Mita hizo 100 bado ndizo mpaka wetu, kwa hiyo pima kabla ya kununua.

Rangi nayo ina maana. Waya wa simu uliotoka kwenye nguzo hadi ukutani kwa kawaida ulikuwa mweusi, na haikuwa urembo. Plastiki yake imechanganywa na masizi ya kaboni, ambayo huzuia miale ya jua isiivunje. Ile kebo ya kijivu ya madukani imetengenezwa kwa ajili ya ndani. Ukiiweka kwenye ukuta unaopigwa na jua, ganda hukauka, likapasuka, na maji yakaingia. Nunua ya nje, hata kama bei inauma.

Kutoka nyumba moja hadi nyingine uani, mimi nasema usitumie shaba kabisa. Radi ikipiga karibu, umeme hupita humo hadi kwenye swichi za pande zote mbili. Tumia faiba isiyo na uzi wa chuma ndani, maana kioo hakipitishi umeme. Teknolojia hiyohiyo ndiyo iliyofika Mombasa mwaka 2009 kwa kebo za SEACOM na TEAMS, wakati intaneti yetu ya kutoka nje ilikuwa bado ikitegemea setilaiti.

Na pale kebo inapoingia ndani, toboa tundu likiteremka kuelekea nje, kisha iache kebo ining'inie kidogo chini ya tundu kabla ya kupanda, ili maji ya mvua yadondoke hapo na si kwenye ruta yako.