Santuri za Vugiri

Hapa Bukene, kwenye reli ya Tabora kwenda Mwanza, napiga video za harusi na kuzihariri mwenyewe. Vijana ninaowafundisha huwa nawasimulia kwanza habari za Vugiri, huko Usambara. Kati ya 1935 na 1937, Meja L. A. Notcutt aliongoza huko mradi wa filamu za elimu uliofadhiliwa na Shirika la Carnegie la Marekani: kilimo, malaria, kodi, akiba ya posta.

Mkanda wa Notcutt na wenzake, wa milimita 16, haukubeba sauti. Waliusafisha na kuukata huko huko, kisha maneno yakarekodiwa kwenye santuri. Hapo ndipo ninapowavulia kofia: picha ile ile ilibadilishiwa santuri, ikasema lugha nyingine. Lakini mkanda ukikatika na kuungwa, picha chache tu zikipotea, sauti na tendo huachana.

Lori la projekta lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini zaidi. Waafrika waliigiza na kusaidia kazi, lakini anayetajwa sana ni Notcutt. Mwisho wa video zangu naandika jina la kila mmoja, hata aliyeshika taa.