Menyu tuliyoizoea tangu Nokia

Leo historia kidogo, hasa kwa nyie wa projekti.

Kile kioo kidogo mnachofunga kwenye Arduino kilianzia kwenye simu, Nokia 5110 ya mwaka 1998. Nukta 84 kwa 48 tu, na kinakula umeme kidogo sana. Simu za hivyo ziliwafaa watu wa Kasulu na Kibondo, enzi hizo gridi ya taifa haijafika na kuchaji ni kulipia kibandani. Wengi huko menyu waliijulia kwenye simu, sio kompyuta. M-Pesa ilipoingia Tanzania 2008, kuchagua kwenye orodha kukawa ndio kutuma hela.

Kwa hiyo usibuni mambo mapya. Weka orodha, namba moja ya kukumbuka mshale uko wapi, na vitufe vinne: juu, chini, sawa, rudi. Picha nzima ya kioo ni baiti 504, Arduino Uno ina 2048 za RAM. Inatosha kabisa.

Ila maneno yawe ya Kiswahili jamani! Pampu ikiongea Kiingereza, mkulima wa Kibondo atamsubiri mtoto arudi shule ndio amwagilie.

Haya, nawahi kipindi.