Kiraka kilianza zamani: historia ya sindano huku Beni na Butembo

Katika masoko ya Butembo na Beni fundi wa kushona anakaa barazani, mguu kwenye kanyagio la mashini, pembeni yake rundo la suruali zilizopasuka magotini. Kushona nguo mpya ni kazi ya kuelekea Noeli na ndoa. Siku zingine ni kurekebisha tu. Wakaaji wengi wanafikiri kiraka kililetwa na umaskini wa leo, lakini katika eneo letu la Maziwa Makuu kilitangulia hata pamba.

Zamani watu walivaa ganda la ndani la miti ya jamii ya mtini. Wambuti wa msitu wa Ituri na Waganda wa upande wa pili wa mpaka walilibandua, wakalipondaponda kwa nyundo yenye mistari mpaka likawa laini na pana. Ganda hilo lilitoboka kirahisi, na Waganda waliziba matundu kwa vipande vya ganda lilelile, wakishona kwa nyuzi za mmea. Kisha pamba ikaja. Tangu miaka ya 1830 meli za Salem, Marekani, zilishusha Zanzibar kitambaa cheupe ambacho watu walikiita merikani. Misafara ilikifikisha hadi Maniema, kikipimwa kwa mikono: mikono minane ilikuwa doti moja. Kilikuwa nguo, na kilikuwa pesa pia. Nani angetupa pesa kwa sababu imetoboka?

Mashini ndiyo iliyogawa watu. Isaac Singer alipata hati ya mashini yake mwaka wa 1851, na kampuni yake ikaanza mapema kuwauzia watu kwa kulipa kidogo kidogo. Ilipofika Afrika ya kati, charahani ilikuwa chombo cha mwanaume, kazi ya kumpatia mapato. Mapadri Waasumpsio walifika Beni mwaka wa 1929. Katika Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi, misheni pamoja na nyumba za mafunzo ya wanawake, kama ile ya Usumbura iliyoanza miaka ya 1940, zilifundisha wamama kutia viraka, kupiga pasi na kutunza nyumba. Walengwa walikuwa wake wa makarani. Kwa hiyo ufundi uleule ulimpa baba kazi ya soko, na kwa mama ukahesabiwa kuwa adabu ya nyumbani tu, bila malipo. Si jambo dogo: mjane mwenye sindano bila mashini anafanya kazi kwa mkono mchana mzima, na jirani mwenye mashini anaimaliza upesi.

Na bado mkono unajua mambo ambayo mashini haijui. Kiraka kizuri kinafuliwa kwanza ili kisije kikajikunja baadaye. Kinakatwa kikizidi tundu kwa vidole viwili kila upande, nyuzi zake zikielekea kule zinakoelekea nyuzi za nguo, halafu kingo zinakunjwa ndani. Kwenye kitenge ua lazima likutane na ua. Tundu dogo halihitaji kiraka: unapitisha nyuzi za kusimama, kisha za kulala, zikipishana kama mkeka. Mshono uliofumuka unashonwa kwa kurudi nyuma nusu hatua kila mara, ili uzi ukikatika pamoja usifumuke wote.

Katika miaka ya 1970 Mobutu alikataza suti na tai, akaleta abakosti. Wanawake walikatazwa suruali na vitenge vikapanda heshima. Mafundi hawakulalamika, maana agizo la serikali lilikuwa agizo la kushona. Mwaka wa 1990 tai ziliporudi, uchumi ulikuwa umeshaporomoka, na nguo za mitumba zilikuwa zimejaa sokoni. Ufundi ukageuka: kupunguza kiuno cha Mzungu mnene, kubadilisha zipu, kufanya koti moja liwe mawili ya watoto.

Tangu Oktoba 2014, mauaji katika eneo la Beni yamewatoa watu wengi vijijini. Kichwa cha charahani kinashikwa na skrubu mbili kwenye bawaba. Kikifunguliwa kinaweza kubebwa kichwani, lakini meza ya chuma inabaki. Ndiyo maana siku hizi kukata na kushona ni kati ya masomo ambayo wamama na wasichana wahamiaji wanapewa, na sasa wanakaa kwenye mashini, si kwa sindano peke yake. Shida inakuja baada ya masomo. Cheti bila charahani kinamrudisha mama palepale alipokuwa bibi yake.

Shule zikifunguliwa Septemba, kazi ni nyeupe na bluu. Mzazi mwenye akili anaomba pindo pana ndani ya sketi, na mwaka unaofuata fundi analifungua. Unabaki mstari wa bluu iliyokoza, na kwenye foleni ya asubuhi unaweza kuona nani amerefuka mara ngapi.